Majina yanabanduka kwenye vyombo vya bento: jibu kwa muuzaji wa Mwanjelwa

Swali: "Shikamoo mama. Nina kibanda Mwanjelwa, Mbeya. Miezi miwili iliyopita nilinunua Kariakoo vyombo 60 vya chakula vya Kijapani, hivi wanavyoviita bento. Arobaini ni vya plastiki vya ghorofa mbili, kimoja shilingi 9,000. Ishirini ni vyeusi, vinang'aa kama mbao iliyopakwa rangi, kimoja 16,000. Mzigo kuja na basi ulinigharimu 20,000. Vya plastiki nauza 13,000 nikiwa nimeandika jina la mtoto juu ya mfuniko kwa rangi ya mafuta au makapeni. Nimeuza 14 tu. Majina yanabanduka ndani ya wiki. Wateja watatu wamerudisha wakidai vinavuja, na mmoja wao anasema chake huvuja siku anazotoka Kyela kurudi Mbeya, siku nyingine hakivuji. Vijiti na vidude vingine vilivyokuja navyo hakuna anayevitaka. Fundi mmoja wa Mafinga ananishauri tutengeneze vya mbao wenyewe. Niendelee au niachane nayo?"

Marahaba, mwanangu. Endelea. Ila kuanzia leo acha kuandika juu ya plastiki, na acha kuuza chombo kitupu. Nitakueleza yote mawili, nikianza na majina kwa kuwa ndiyo yanayokuharibia jina lako wewe.

Kosa hilo nimelifanya kabla yako. Nilipoanza biashara hii hapa Iringa nilipata oda ya vyombo 35 vya watoto wa shule ya awali. Nikakesha siku mbili na brashi ndogo, kila mfuniko jina na ua pembeni. Ijumaa ya wiki ile ile mama mmoja akanijia dukani na mfuniko mkononi. Jina la mwanawe lilikuwa limebaki herufi mbili. Zile nyingine, aliniambia, mtoto alizikuta kwenye wali. Nilirudisha hela ya watu wote 35, maana chombo kinachomwaga rangi kwenye chakula cha mtoto hakiombewi msamaha, kinarudishiwa hela. Nawe nakuomba ufanye hivyo hivyo kwa kila uliyemwandikia: mwite, msugulie jina liishe, umpe kitu kingine badala yake. Nitafika kwenye kitu chenyewe.

Sasa sababu. Geuza kile cha plastiki utazame kitakoni. Nina hakika karibu utakuta pembetatu yenye namba 5 ndani yake. Hiyo ni polipropilini, plastiki nzuri kabisa kwa chakula: inavumilia moto, haipasuki ovyo, nyepesi kwa mtoto. Lakini ngozi yake haipokei kitu. Dondoshea tone la maji utaona linajikusanya kama liko kwenye sufuria yenye mafuta. Rangi nayo hujikusanya vivyo hivyo. Inakauka juu ya plastiki bila kuishika, na sifongo la kwanza lenye sabuni linaiondoa. Viwandani hupitisha ndimi za moto au umeme juu ya plastiki hiyo kabla ya kuichapa, ndipo wino ushike. Wewe hapo kibandani usijaribu kiberiti. Wala usikubali mtu wa steshenari akuambie atakuchapia kwa ile mashine ya vikombe: ile hufanya kazi kwenye joto linalokaribia nyuzi 200, na kikombe chenyewe huwa kimepakwa dawa maalumu. Mfuniko wako utakurudia umejikunja kama chapati.

Vile vyeusi ni habari nyingine. Wajapani wana vyombo vya mbao vilivyopakwa urushi, utomvu wa mti, kazi ya mikono na bei yake ni kubwa. Cha 16,000 si hicho. Ni plastiki aina ya ABS iliyopigwa rangi ya kufanana nacho, na huko Japani kwenyewe watu wengi wanakitumia kila siku bila aibu. Hii inashika stika vizuri. Nenda kwa mtu mwenye mashine ya kukata stika, mwambie akukatie jina kwa stika ya dhahabu au nyeupe. Futa mfuniko kwa spiriti, acha ukauke, bandika, kandamiza kwa kitambaa, kisha kaa nacho siku nzima kabla ya kumpa mteja. Jina liwe juu ya mfuniko tu, mbali na ukingo unaoingia mpira, na kamwe lisiwe ndani. Kuosha ni kwa sifongo laini. Na ukitaka kuondoa rangi ya zamani kwenye hivi vyeusi, usiguse tina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha: ABS inayeyuka, utaharibu chombo cha 16,000 kwa pamba ya shilingi hamsini.

Kwenye vile vya plastiki, jina liweke kwenye kitambaa. Kwa desturi Wajapani hawabebi bento bila kitu cha kuufunika. Huufunga kwa kitambaa cha mraba kinachoitwa furoshiki: unaweka chombo katikati, pembe mbili zinakunjwa juu yake, mbili zinafungwa fundo, na fundo hilo ndilo mkono wa kubebea. Ukifika, unakifungua kinakuwa kitandiko cha mezani. Sisi ambao mama zetu walifunga kila kitu kwenye khanga, kuanzia unga hadi hela, hatuhitaji kufundishwa hilo.

Chukua kitenge cha yadi 6. Kiloweke kwanza kirudi, kwa sababu kikirudi baada ya kushonwa fundo halitafika. Urefu wake ni mita 5.5 hivi, upana sentimita 110 au zaidi kidogo. Kata upana katikati, kisha kila sentimita 54 kwenye urefu: unapata vitambaa 20. Ukikunja pindo vinabaki kama sentimita 52 kila upande, na hapo bento wa ghorofa mbili unafungika vizuri. Kitenge cha 20,000 kinakupa kitambaa cha 1,000. Kisha peleka kwa fundi anayedarizi nembo za masweta ya shule. Hapo Mbeya hawakosekani, na msimu wa nembo ukiisha wanakaa bila kazi. Jina la mtoto kwenye pembe moja, herufi za sentimita mbili hadi tatu, uzi wa rangi inayoonekana. Hilo halibanduki. Litafuliwa mpaka kitambaa kichakae na jina bado lipo. Mtoto akiingia darasa jipya na chombo kipya, anahama na kitambaa chake. (Khanga usiikate. Ukiikata jina lake linakatika katikati, na khanga isiyo na jina hainunuliwi na mwanamke mwenye akili zake.)

Ukanda wa lastiki unaobana ghorofa mbili zisiachane nao unadarizika, au unashonewa kipande cha utepe chenye jina. Wateja wa ofisini wanaupenda kuliko kitambaa. Na ukitaka kitu cha kwetu hasa, vile vikapu vya milulu wanavyosuka akina mama wa Iringa vinaweza kusukwa vidogo kwa kipimo cha chombo chako. Mpelekee msusi chombo chenyewe, usimpelekee vipimo vya kwenye karatasi. Nimewauzia maharusi vikapu vya namna hiyo, vya bwana na bibi, na hakuna mzigo uliowahi kunitoka haraka hivyo.

Kuhusu picha za katuni: wateja watakuletea simu zenye yule paka wa Kijapani na wenzake wakitaka uwachapie. Michoro hiyo ina wenyewe, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawalinda. Darizi parachichi la Rungwe, darizi twiga. Watoto wanafurahi vile vile.

Nije kwenye kuuza chombo kitupu. Mtu wa Mbeya akiona kisanduku chenye vyumba vitatu na kijiti, anajiuliza ugali utakaa wapi, na hapati jibu. Mjapani anapanga chakula kikavu, kipande kwa kipande, wali sehemu tatu, mboga sehemu mbili, nyama au samaki sehemu moja, na anakila kikiwa kimepoa. Anaweza kwa sababu mchele wao ni mfupi na unanata, hata ukipoa unabaki laini. Mchele wetu wa Kyela na Mbarali una harufu nzuri usiyoipata kwingine, lakini ukilala nusu siku punje zinakakamaa. Ugali uliopoa usiuongelee. Na sisi Juni na Julai tunatetemeka. Nani anataka kula chakula baridi Uyole saa saba mchana wakati upepo unakata masikio?

Kwa hiyo usimuuzie mtu ndoto ya Tokyo. Kila asubuhi pakia vyombo viwili mezani kwako kwa chakula ambacho hakidai moto. Kimoja: viazi vya kuchemsha vilivyokatwa, yai, maharage makavu yaliyokaangwa na kitunguu, na kachumbari kwenye kikombe kidogo cha silikoni. Kingine: chapati iliyoviringishwa na mboga ndani na kukatwa vipande, ndizi mbivu, karanga. Mteja akiona chakula anachokijua kimekaa humo, swali la ugali linaisha lenyewe. Kama huna vikombe vya silikoni, kata jani la mgomba, lipitishe juu ya moto lilainike, likunje liwe ukuta kati ya viazi na kachumbari. Vile vijani vya plastiki vya kijani unavyoviona kwenye bento vimetokana na majani halisi. Sisi majani tunayo uani.

Anayetaka chakula cha moto muuzie chombo cha chuma chenye kuta mbili, cha kutunza joto, na umweleze jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Kuna njia mbili na hazichanganywi. Chombo cha kutunza joto kimiminie maji yanayochemka, funga dakika tano, mwaga, kisha weka chakula kinachotoa moshi. Chombo cha kawaida ni kinyume: wali upoe kabisa kwenye sahani pana ndipo ufunge. Ukifunga wali vuguvugu kwenye plastiki, mvuke unageuka maji, na joto lile la kati, chini ya nyuzi 60, ndilo wadudu wa wali wanalolipenda. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kupika, akikaa kwenye wali vuguvugu anazaana na kutoa sumu, na ukiupasha tena sumu haiondoki. Mwandikie kila mama anayenunua: "Poza kwanza, ndipo ufunge." Mimi nimewachapishia kwenye kadi ndogo, naifungia na kitambaa.

Ukubwa nao utajwe kwa namba. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza chombo ukihesabu. Wajapani wana kanuni rahisi: mililita za chombo hukaribia kalori za mlo ukipangwa vizuri. Cha mililita 300 ni cha mtoto wa awali, 500 hadi 600 wanawake wengi, 800 au 900 wanaume. Mtu wa kazi nzito wa kwetu muongezee juu ya hapo. Ukiandika namba hiyo kwenye kila chombo, hutamuuzia fundi ujenzi chombo cha binti yake.

Na moto wa maikrowevu: soma kitakoni. Mara nyingi mwili wa chombo umeandikwa nyuzi 140 na mfuniko nyuzi pungufu ya hapo, kwa hiyo mfuniko na mpira wake hutolewa kwanza. Kama hakikuandikwa kuwa kinaingia maikrowevu, hakiingii, na hivyo vyeusi ndivyo vya kuangalia zaidi. Hapo hapo kitakoni tafuta herufi hizi tatu: 日本製. Maana yake kimetengenezwa Japani. Kama hazipo, na mara nyingi hazitakuwepo, sema ni chombo cha mtindo wa Kijapani. Usiseme kimetoka Japani. Wapo wateja wanaosoma.

Vijiti usivihangaikie. Vitoe, weka kijiko kizuri. Lakini kuna kidude kimoja cha Kijapani ambacho kinatufaa sisi kuliko hata wao: kitaulo kidogo chenye unyevu, kwenye kasha lake, cha kufutia mikono kabla ya kula. Sisi tunaokula kwa mkono, tuko ofisini au shambani mbali na bomba, tunakihitaji. Nunua taulo, kata vipande vya sentimita 25, pindisha, weka kwenye kasha dogo lenye mfuniko. Hicho ndicho cha kuwapa wale uliowaandikia majina yaliyobanduka, pamoja na kitambaa.

Bei sasa. Chombo cha 9,000 na nauli yake ni kama 9,350. Kitambaa 1,000, pindo tuseme 500, kudarizi 1,500, kitaulo 1,000. Jumla 13,350. Seti hiyo yenye jina uza 20,000, unabaki na 6,650, wakati leo unabaki na 3,650 na lawama juu. Badilisha gharama za mafundi kwa zile utakazopewa hapo Mbeya, lakini usishuke ukauza chombo peke yake kwa 12,000 kwa kuwa jirani kashusha. Na mzigo wako upange kwa kalenda ya shule: uwe nao Desemba, mauzo ni Januari. Ulinunua wakati wazazi wameshamaliza kununua. Wauguzi wa zamu na walimu hawana msimu, hao wafuate sasa.

Fundi wa Mafinga mshukuru, ila usimpe hela bado. Mbao za huko kwao Mufindi nyingi ni misonobari, ina utomvu na harufu, na wali unavuta harufu zote mbili. Vyombo vya mbao vinavyosifika Japani ni magewappa ya Odate, mkoa wa Akita. Hukata mbao ya mwerezi wa huko nyembamba sana, huiloweka kwenye maji ya moto, huikunja ikawa duara, na kuishona kwa gome la mcheri. Kisichopakwa kitu hunyonya jasho la wali, ndiyo maana unabaki mzuri. Lakini mchuzi wetu wa nyanya na mafuta ukigusa mbao hiyo doa halitoki. Akitaka kukusaidia, akutengenezee vijiko na vibao vya kukatia vya mbao ngumu isiyo na harufu, au kasha la kitaulo la mianzi. Na umuulize mbao inatoka wapi. Mabaki ya nguzo za umeme, yale yenye rangi ya kijani au yanayonuka lami, yametiwa dawa ya sumu ya kuzuia mchwa. Yasiguse chakula hata kwa bahati mbaya.

Kuvuja nimekuachia mwisho. Wale wawili wa kwanza, chukua vyombo vyao, toa mpira wa mfuniko kwa kijiti cha meno. Mara nyingi mpira umerudishwa kichwa chini, au una punje ya wali chini yake. Kisha jaza chai ya rangi, funga, funika kwa gazeti, pindua, weka kwenye begi, panda nalo bodaboda mpaka Uyole na kurudi. Gazeti litakuambia ukweli. Fanya hivyo kwa chombo kimoja cha kila aina kabla ya kuuza tena. Na ukiona ghorofa ya chini haina mpira kabisa, kama ilivyo kwa vingi vya aina hiyo, waambie watu wazi: hiki ni cha chakula kikavu, mchuzi ubebwe kwenye kopo la kuzungusha.

Huyu wa Kyela hasemi uongo. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini 1,700. Anafunga mfuniko kule chini, hewa ya kule inabaki ndani. Basi likipanda Tukuyu, hewa ya nje inapungua msukumo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ile ya ndani inataka kutoka, na inatoka ikisukuma mchuzi mbele yake. Ni jambo lile lile linalofanya pakiti za krispi kuvimba ndani ya basi hilo. Akishuka kwenda Kyela mfuniko unajibana zaidi, kwa hiyo hauvuji. Tazama mfuniko wake: kama una kitufe kidogo cha mpira katikati, akinyanyue mara moja akifika Tukuyu, hewa ipumue, akirudishe. Kama hauna, anyanyue pembe ya mfuniko hapo hapo kituoni. Na chombo asikijaze mpaka ukingoni.